Mbona mti haupo pale hali ya hewa inapouruhusu? Misukosuko na mpangilio wa spishi katika misitu ya milimani

Swali: Natengeneza modeli ya usambaaji wa spishi za miti katika misitu ya milima ya kanda za wastani, zile zenye majira manne. Nimetumia mwinuko, joto, mvua na aina ya udongo. Modeli inakosea kwa mtindo uleule: panapotarajiwa spishi fulani haipo, na pasipotarajiwa imejaa tele. Nimeambiwa chanzo ni misukosuko, yaani moto, dhoruba, wadudu na maporomoko ya theluji. Je, misukosuko inaamuaje mti gani uote wapi, na niiingizeje katika kazi yangu?

Jibu:

Katika yote uliyoeleza, dalili muhimu zaidi ni hiyo ya kukosea kwa mtindo uleule. Kama misukosuko ingekuwa bahati nasibu tupu, makosa ya modeli yangetapakaa ovyo. Lakini mlima wenyewe huigawa misukosuko: moto una miteremko unayoirudia, upepo una matuta unayoyapiga, theluji ina makorongo inayoyafuata kila inapoporomoka. Hali ya hewa hutoa orodha ya spishi zinazoweza kuishi mahali fulani. Msukosuko unaojirudia mahali hapo ndio unaochagua ipi kati ya hizo ikalie nafasi. Modeli yako imeandika orodha vizuri, ila haijafika kwenye uchaguzi.

Msukosuko, kwa maana ya ikolojia, ni tukio linaloua au kuvunja mimea mikubwa kwa ghafla na kuachia nafasi, mwanga, maji na virutubisho. Tukio moja peke yake halielezi mengi. Kinachopanga spishi ni utaratibu wa matukio: yanarudi baada ya miaka mingapi, yanaua sehemu gani ya miti, yanafagia eneo kubwa kiasi gani, na yanakuja msimu gani. Ukiuweka moto kwenye modeli kama "uliwahi kutokea" au "haukutokea", umetupa karibu yote hayo.

Kila tukio linapopita, spishi hupimwa hatua kwa hatua. Je, mti mzima umenusurika? Kama umekufa, mbegu ipo, iwe juu ya matawi, ardhini au kwa mti jirani ulio karibu? Mbegu ikitua, inakuta sakafu inayoitaka: udongo mtupu, gogo lililooza, au tabaka la majani makavu? Na mche ukishika, utafikia umri wa kuzaa kabla tukio halijarudi? Kipimo hiki cha mwisho ndicho kinachosahaulika kuliko vyote. Spishi inayohitaji jua kamili hudumu mahali pale tu ambapo muda kati ya tukio na tukio ni mrefu kuliko umri wake wa kuanza kuzaa, na mfupi kuliko maisha yake. Muda ukiwa mfupi mno, spishi hutoweka kwa kukosa mbegu. Ukiwa mrefu mno, huzeeka na kuiachia nafasi spishi ya kivuli iliyokuwa ikingoja chini yake.

Moto

Mfano ulio wazi kuliko yote unapatikana milima ya Rocky, Amerika Kaskazini. Kwenye miteremko ya chini, panapokauka mapema na nyasi ni nyingi, kabla ya watu kuanza kuzima kila moto, moto wa chinichini ulipita kila baada ya miaka 5 hadi 25 hivi. Huko ndiko Pinus ponderosa, msonobari wa gome nene, ulikotawala. Joto na mvua za hapo zinaziruhusu pia Pseudotsuga menziesii na baadhi ya spishi za Abies, nazo za jamii ya misonobari. Zilichokosa ni muda. Pseudotsuga iliyokomaa ina gome nene sana, lakini ikiwa changa gome lake ni jembamba, na moto wa kila baada ya miaka 10 huikuta bado changa. Ushahidi ulikuja wenyewe pale moto ulipoanza kuzimwa katika karne ya 20: miche ya Pseudotsuga na Abies ilijaa chini ya misonobari mikubwa, bila hali ya hewa kuwa imebadilika kiasi cha kuieleza hali hiyo. Leo moto unapofika, miti hiyo ya kati huwa ngazi ya kuupandisha hadi kwenye matawi ya juu, na hata msonobari wenye gome nene hufa.

Unene wa gome unaweza kuuingiza kwenye hesabu moja kwa moja. Tishu hai iliyo chini ya gome, kambiamu, hufa inapofikia nyuzi joto 60 hivi za Selsiasi, na muda wa kuvumilia huongezeka kwa mraba wa unene. Kanuni inayotumika sana ni dakika 2.9 mara mraba wa unene kwa sentimita. Gome la sentimita 1 huvumilia karibu dakika 3, la sentimita 2 karibu 12, la sentimita 3 karibu 26. Ndiyo maana tofauti ndogo ya gome huzaa tofauti kubwa ya usambaaji. Larix occidentalis huongeza silaha ya pili juu ya gome nene: hupukutisha majani yake yote kila mwaka, hivyo tawi lililobabuliwa huchipua upya msimu unaofuata mradi machipukizi hayakuungua.

Panda juu zaidi, utaratibu unabadilika. Kuna unyevu zaidi, theluji hukaa muda mrefu, na moto hurudi baada ya miaka 100 hadi 300, lakini ukija unaua karibu kila mti. Gome halisaidii tena. Kinachosaidia ni mbegu iliyohifadhiwa. Pinus contorta wa milima hiyo hubeba koni zilizogundishwa kwa utomvu unaoyeyuka kwenye nyuzi joto 45 hadi 60. Msitu unaungua, koni zinafunguka, mbegu zinamwagika kwenye majivu yasiyo na mpinzani. Moto wa mwaka 1988 katika Hifadhi ya Taifa ya Yellowstone uligusa zaidi ya theluthi moja ya hifadhi, na miche iliyoota baadaye ilitofautiana kutoka karibu sifuri hadi mamia ya maelfu kwa hekta. Tofauti hiyo ilifuata kwa kiasi kikubwa asilimia ya miti yenye koni zilizofungwa kabla ya moto. Asilimia hiyo nayo ilikuwa kubwa kwenye miinuko ya chini, ambako moto hurudi mara nyingi zaidi, na ndogo juu, ambako mti unaweza kufa kwa uzee bila kuonana na moto. Utaratibu wa moto umeandikwa ndani ya spishi yenyewe, kwa hiyo kuandika "Pinus contorta ipo" hakutoshi. Rekodi pia aina ya koni.

Kanuni ya muda nayo ilijionyesha hapohapo. Mwaka 2016 sehemu zilizoungua mwaka 1988 na mwaka 2000 ziliungua tena, baada ya miaka 28 na 16. Miti ilikuwa michanga, koni zilizofungwa zilikuwa chache, na nyingi ziliteketea kwa kuwa zilikuwa karibu na ardhi kwenye miti mifupi. Miche iliyofuata ilikuwa michache mno ukilinganisha na ile ya baada ya moto wa kwanza. Spishi ileile, mteremko uleule, mlango wa muda umefungwa.

Karibu na kilele wapo Picea engelmannii na Abies lasiocarpa, wenye gome jembamba, matawi yanayogusa ardhi na wasiokuwa na koni za kusubiri moto. Wao hutegemea mbegu zinazopeperushwa kutoka ukingo ambao haukuungua, na sehemu kubwa ya mbegu hizo hutua ndani ya mita 100 hadi 200 kutoka kwa mti mzazi. Katikati ya eneo kubwa lililoungua hubaki wazi kwa miongo mingi. Hapo huingia Pinus albicaulis, ambaye mbegu zake hazina mabawa bali hubebwa na ndege wa jamii ya kunguru, Nucifraga columbiana. Ndege huyu huzificha ardhini kilomita nyingi kutoka mtini, na hupenda kuzifukia mahali palipo wazi. Mbegu asizozirudia huota. Modeli inayopima umbali kutoka chanzo cha mbegu kwa kipimo kimoja kwa spishi zote itakosea kwa mti huu kila mara.

Upepo, na mbawakawa anayeufuata

Tofauti ya msingi kati ya moto na upepo ni nani anayekufa. Moto huua miche na vichaka kwanza, ukawaacha walio juu wakinusurika kama ni wanene wa gome. Upepo hufanya kinyume: huangusha warefu, na miche iliyokuwa ikingoja kivulini hubaki hai na kupewa jua. Kwa hiyo moto mkali huurudisha msitu mwanzo, kwa spishi za jua, lakini upepo mara nyingi huusukuma mbele, kwa spishi za kivuli ambazo tayari zilikuwa chini. Ukiziweka katika safu moja iitwayo "msukosuko", athari zake zitabatilishana, na utahitimisha kwamba msukosuko hauna maana.

Katika milima ya Ulaya ya kati, spishi tatu hushindania mwinuko wa kati: Picea abies na Abies alba, zote za jamii ya misonobari, na Fagus sylvatica, mti wa majani mapana. Zote huvumilia kivuli kwa viwango tofauti, na Abies alba inaweza kukaa miongo mingi ikiwa mche dhaifu chini ya kivuli kizito kisha ikakua haraka pengo likifunguka. Mizizi ya Picea abies huwa ya juujuu, hasa kwenye udongo wenye maji au wenye mwamba karibu, hivyo hung'olewa mzimamzima. Abies alba huzamisha mzizi ndani zaidi na husimama vyema zaidi. Fagus huwa haina majani wakati wa dhoruba za baridi, jambo linalopunguza mzigo wa upepo. Larix decidua hunufaika vivyo hivyo. Tarehe 19 Novemba 2004 upepo ulioteremka kutoka vileleni uliangusha msitu wa takriban hekta 12,000 katika milima ya Tatra, Slovakia, na sehemu kubwa ilikuwa Picea. Mwishoni mwa Oktoba 2018 dhoruba iliyoitwa Vaia iliangusha zaidi ya hekta 40,000 za misitu ya Alpi upande wa Italia.

Dhoruba ni nusu ya tukio. Nusu nyingine ni mbawakawa wa gome Ips typographus, ambaye huzaliana kwenye magogo mabichi yaliyoanguka kisha hushambulia miti hai kwa wingi unaoshinda utomvu wa kujikinga. Hushambulia Picea, hasa mikubwa, na kuwaacha Fagus na Abies. Idadi ya vizazi vyake kwa mwaka hufuata joto: kimoja huko juu, viwili au hata vitatu kwenye miinuko ya chini majira ya joto yakiwa marefu. Sasa angalia matokeo yanavyogawanyika kwa mwinuko. Mteremko wa kati, ambako Fagus na Abies tayari wapo chini, mbawakawa huondoa Picea na kuupa msitu sura nyingine. Juu, ambako baridi imewazuia washindani hao, Picea iliyokufa hurithiwa na Picea.

Hifadhi ya Taifa ya Bayerischer Wald nchini Ujerumani, iliyoanzishwa mwaka 1970, imeonyesha hili waziwazi. Baada ya dhoruba za mwaka 1983 magogo ya maeneo ya ndani yaliachwa yalipoangukia, na kuanzia miaka ya 1990 mbawakawa waliua sehemu kubwa ya Picea za juu. Wengi waliamini mlima utabaki upara. Badala yake miche ya Picea ilipanda chini ya miti iliyokauka ikisimama, pamoja na Sorbus aucuparia unaoletwa na ndege. Kwa mtafiti somo ni la kiufundi: tukio moja, mdudu mmoja, matokeo mawili kulingana na nani alikuwa akingoja chini. Kigezo cha miche iliyokuwapo kabla ya tukio kina thamani kubwa kuliko ukubwa wa tukio.

Jambo linaloharibu data nyingi ni uvunaji wa magogo baada ya dhoruba. Mashine hukanyaga miche iliyokuwa ikingoja, na magogo yakiondolewa huondoka na kitanda cha mbegu cha miaka ijayo. Huko juu, ambapo nyasi ndefu na theluji nzito huikandamiza miche ardhini, Picea huota kwa wingi juu ya mbao zilizooza, baada ya gogo kulainika kwa miongo kadhaa. Japani, mianzi mifupi ya Sasa hufunika sakafu ya msitu wa juu kiasi kwamba miche ya Picea hupatikana zaidi juu ya magogo na vichuguu vya mizizi iliyong'oka. Usichanganye ploti (vipande vya msitu unavyopima) zilizovunwa na zisizovunwa baada ya tukio. Ni hali mbili tofauti.

Upepo hauji kwa dhoruba kubwa tu. Kwenye mlima Shimagare wa Japani na mlima Whiteface wa Marekani, misitu ya Abies hufa kwa mistari inayosogea kama mawimbi. Miti ya ukingoni hupigwa na upepo na barafu na kufa, ya nyuma yake huwa ukingo mpya, na miche huinuka nyuma ya mstari. Wimbi husogea mita moja hadi tatu hivi kwa mwaka, na mahali pamoja hufikiwa tena baada ya miaka 60 hivi. Ukitupa ploti moja kwenye mteremko kama huo, utaona msitu wa umri mmoja na kudhani kulikuwa na janga. Ni utaratibu wa kawaida wa Abies kudumu pale bila kubadilishwa.

Theluji na ardhi inayoteremka

Hapa ndipo modeli za mwinuko huaibika zaidi. Njia ya poromoko la theluji hushuka kutoka juu ya mstari wa miti, yaani mpaka wa juu ambako miti huishia, hadi bondeni, na ndani yake spishi za juu hushuka nayo. Katika Alpi utakuta vichaka vya Alnus viridis na Pinus mugo mamia ya mita chini ya mahali pao pa kawaida, zimezungukwa na msitu mrefu wa Picea pande zote mbili. Sababu ni unyumbufu: shina jembamba, chini ya sentimita 10 hivi za kipenyo, hulala theluji inapopita na kuinuka tena, lakini shina nene huvunjika. Theluji ikirudi kila baada ya miaka michache, hakuna mti unaoweza kunenepa na kubaki. Ikikawia miongo kadhaa, Larix, Betula na Sorbus huingia, na baadaye Picea. Alnus viridis hushirikiana na bakteria wa mizizi aitwaye Frankia kunasa naitrojeni ya hewani, na rutuba hiyo hukuza magugu marefu yanayoizuia miti mingine kuingia hata theluji ikiacha kuteremka. Ni msukosuko unaoacha alama ndefu kuliko wenyewe.

Maporomoko ya ardhi hufanya kitu kingine: huondoa udongo wote pamoja na mbegu na mizizi, na kuacha mwamba na changarawe. Tetemeko kubwa la Mei 1960 kusini mwa Chile liliangusha maelfu ya miteremko katika Andes, na kwenye makovu hayo Nothofagus dombeyi, mti wa jua, ulishika kwa wingi. Katika miinuko ya chini ya Andes hiyo, penye mvua nyingi na spishi nyingi za kivuli, Nothofagus haiwezi kujirithi chini ya miti mingine, na mianzi ya Chusquea huziba hata mapengo. Uwepo wake pale hutegemea miteremko kuanguka kila baada ya karne chache, muda ulio ndani ya maisha yake marefu. Modeli isiyo na tetemeko haitaeleza kwa nini msitu huo una mti huo.

Msimu nao una uzito wake. Mlima St. Helens ulipolipuka tarehe 18 Mei 1980, theluji ya mwisho wa baridi ilikuwa bado imefunika miche ya Abies na Tsuga kwenye baadhi ya miteremko ya juu. Miti mikubwa ilibwagwa chini, miche iliyofukiwa ikapona. Mlipuko uleule ukitokea Agosti, orodha ya spishi ingekuwa nyingine.

Wanyama, magonjwa na mkono wa binadamu

Hapa nitapita haraka, ingawa uzito wake si mdogo. Kulungu na paa hupendelea miche ya Abies alba kuliko ya Picea, na wanapokuwa wengi Abies huonekana kwenye tabaka la juu tu, bila warithi. Mifugo ikichungwa msituni humfaa Larix, anayehitaji jua na udongo uliokwanguliwa. Malisho yakiachwa, Pinus cembra na Picea humfunika. Mstari wa juu wa miti katika Alpi uko mita 150 hadi 300 chini ya unapoweza kufika katika sehemu nyingi kwa sababu ya karne nyingi za malisho, hivyo usiusome kama kipimo cha joto. Magonjwa yaliyoletwa kutoka mabara mengine hufuta spishi bila kujali mwinuko: kuvu Cryphonectria parasitica, aliyegunduliwa New York mwaka 1904, aliiondoa Castanea dentata kama mti mkubwa katika milima ya Appalachia, na mialoni pamoja na Acer rubrum ikachukua nafasi yake. Ugonjwa wa kutu, unaoletwa na kuvu Cronartium ribicola, unafanya vivyo hivyo kwa Pinus albicaulis, ambayo Marekani iliiorodhesha kama spishi inayotishiwa mwaka 2022.

Misukosuko kama mlango wa mabadiliko ya tabianchi

Mti uliokwisha kukomaa huvumilia hali ambayo mche wake hauwezi. Msitu wa miaka 250 unaweza kusimama pale ambapo hali ya hewa imeshamkataa mrithi wake, na hakuna atakayeona hadi tukio limuue. Kwenye miteremko mikavu ya chini magharibi mwa Marekani, sehemu nyingi za Pinus ponderosa na Pseudotsuga zilizoungua vikali hazijarudisha miche ya kutosha, kwa kukosa mbegu karibu na kwa ukame wa miaka ya mwanzo. Mlango huohuo hufunguka kwa upande mwingine pia. Baada ya moto wa Yellowstone wa 1988, miche ya Populus tremuloides iliyotokana na mbegu ilishika mbali na makundi ya zamani na juu zaidi ya yalipokuwa. Spishi hii huenea zaidi kwa machipukizi ya mizizi, na mbegu zake ndogo mno huhitaji udongo mtupu wenye unyevu na usio na mpinzani.

Kuingiza haya katika kazi yako

Badala ya modeli moja, tengeneza mbili kwa kila spishi: moja ya miti mikubwa, nyingine ya miche. Miti mikubwa ipangwe na hali ya hewa ya kipindi ilipoota, si wastani wa 1991 hadi 2020. Mti wa miaka 250 uliota wakati wa Enzi Ndogo ya Barafu, kipindi cha baridi kuliko sasa. Miche ipangwe na hali ya sasa na tukio la mwisho. Mahali modeli hizo mbili zinapopishana ndipo spishi inapohama au inaponing'inia bila mrithi, na ramani ya tofauti hiyo mara nyingi ina manufaa kuliko ramani ya uwepo.

Kwa vigezo, weka miaka tangu tukio la mwisho, idadi ya matukio katika kipindi kinachojulikana, ukali, aina ya kisababishi (moto na upepo visiwekwe pamoja), na umbali hadi mti hai wa spishi hiyohiyo unaozaa, ukiupa umbo la kushuka kwa kasi baada ya mita 100 hadi 200 kwa mbegu za upepo. Ongeza umbo la ardhi: kuwa juu ya tuta au ndani ya korongo, kuelekea upepo mkuu, kina cha udongo, na kama ploti iko chini ya mteremko wenye nyuzi 30 hadi 45, ambako maporomoko mengi ya theluji huanzia. Ruhusu vigezo hivi vitegemeane na mwinuko. Mfano wa mbawakawa umeonyesha kwamba athari hubadilika mwelekeo kadiri unavyopanda.

Picha za setilaiti za Landsat zenye pikseli ya mita 30 zinapatikana kwa mfululizo mzuri tangu 1984. Zinafaa kwa moto na dhoruba kubwa, lakini pikseli moja ni mita za mraba 900, na pengo linaloachwa na mti mmoja au miwili katika msitu wa Fagus na Abies halifiki hata nusu ya hapo. Misitu ya namna hiyo itaonekana "haina msukosuko", kumbe inaendeshwa na mapengo madogo kila mwaka. Kwa hayo unahitaji lida (upimaji wa msitu kwa mwali wa leza) au kazi ya miguu.

Uwanjani, ploti ya hekta 0.1 hutosha kwa mwanzo. Toa vijiti vya mbao kwa kekee ya mrija kutoka kwa miti 20 hadi 30, sentimita 20 hadi 30 juu ya ardhi. Kosa la kawaida ni kutoboa kwenye urefu wa kifua, mita 1.3: mche wa milimani unaweza kuchukua miaka 20 au zaidi kufika hapo, na tarehe ya kuota ikakupotea. Linganisha pete za mti mmoja na mwingine kabla ya kuhesabu umri, kwa sababu miaka migumu huacha pete zisizoonekana. Kutafuta kufunguka kwa pengo, chukua wastani wa upana wa pete za miaka 10 kabla na 10 baada ya kila mwaka. Tofauti igawe kwa wastani wa kabla. Ongezeko linalozidi 100% kwa mti uliokuwa kivulini ni ishara nzito. Kwa miti iliyokwisha kufika juu, kizingiti cha chini zaidi, hata 25%, kimetumika, lakini hapo hakikisha miti kadhaa inaonyesha mwaka uleule ili usiuite mvua nzuri pengo.

Makovu ya moto upande wa juu wa mteremko wa shina hutoa mwaka wa moto mwepesi. Moto mkali haubakizi mti wa kuubeba ushahidi, na hapo utategemea mkaa na umri wa kundi. Mashimo na vichuguu vya mizizi hudumu karne nyingi na huonyesha upepo ulikotoka. Shina lililopinda chini ya mteremko, lenye mbao nzito za rangi iliyokoza upande wa chini kwa jamii ya misonobari, huonyesha theluji au ardhi inayosogea. Tahadhari moja: kundi la miti ya umri mmoja peke yake si ushahidi wa moto. Mwaka wa mbegu nyingi au kuondoka kwa mifugo huzaa kundi lilelile, kwa hiyo tafuta ishara ya pili kabla ya kuandika chanzo.

Gawa "haipo" zako kwa makundi: haipo kwa sababu hakuna mbegu ndani ya umbali, haipo kwa sababu tukio ni la juzi, na haipo ingawa mbegu na muda vilikuwepo. Kundi la tatu pekee ndilo linalokuambia kitu kuhusu hali ya hewa. Na unapoijaribu modeli, usitenge ploti kwa kura. Tenga matukio mazima, moto mmoja au dhoruba moja kwa wakati, kwa sababu ploti za eneo moja lililoungua zinafanana mno, na modeli itaonekana nzuri kwa kukariri tu.